Mahali Palipopigwa Kombora: Mwongozo Kamili kwa Askari wa Kwanza Kufika

Makosa ya askari polisi wa kwanza kufika mahali palipopigwa kombora hujirudia kwa namna ile ile. Huacha gari katikati ya barabara, hukimbilia kifusi, huanza kufukua kwa mikono, na baada ya nusu saa hakuna anayejua ni watu wangapi waliokuwa ndani ya jengo. Gari la wagonjwa limekwama nyuma ya gari lake, na umati umesimama juu ya vielelezo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya askari huyo, pamoja na mgambo na viongozi wa mitaa watakaosimama naye. Msimamo wangu ni kwamba kazi yake ya kwanza ni kuona, kutaarifu, kuzuia na kuandika, na kwamba anayefanya hayo manne kwa utulivu huokoa watu wengi kuliko anayeshika koleo. Mifano mingi nimeitoa Ukraine, hasa mji wa Kharkiv, ulio kilomita zisizozidi 40 kutoka mpaka wa Urusi na unaoshambuliwa tangu Februari 2022. Mingine nimeitoa London ya Vita Kuu ya Pili, na michache nyumbani kwetu. Pale ambapo taratibu za jeshi lako zinatofautiana na haya, fuata za jeshi lako.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya zamu

- Daftari la jalada gumu na penseli mbili. Wino huvuja maji yakiingia na simu huisha chaji, lakini penseli huandika hata kwenye mvua.
- Kofia ya kinga, koti la kuzuia vipande vya bomu na viatu vya soli nene.
- Barakoa za vumbi, kwa kuwa kifusi cha majengo ya zamani huweza kuwa na asbesto, madini yenye nyuzi zinazodhuru mapafu.
- Mikanda miwili ya kubana damu, mkasi, bandeji na glavu za mpira.
- Utepe wa kuzuia, kamba, chaki na rangi ya kupuliza.
- Filimbi, kipaza sauti na tochi ya kichwani.
- Mifuko ya vielelezo, lebo, utepe wa kupimia na rula fupi ya kuweka kando ya kitu kinachopigwa picha.
- Redio ya polisi yenye betri ya akiba. Mtandao wa simu huzidiwa au hukatika dakika zile zile unazouhitaji.
- Ramani ya mtaa iliyochapishwa.

## Hatua ya 1: Andaa daftari la mtaa mapema

Wakati bado kuna utulivu, pita nyumba kwa nyumba ukiwa na mwenyekiti wa mtaa au msimamizi wa jengo. Kwa kila jengo andika idadi ya ghorofa, ya kaya na ya watu, wagonjwa wasioweza kutembea, mahali umeme na gesi vinapozimwa, mtu mwenye ufunguo, na kama chumba cha chini ya ardhi kina mlango wa pili wa kutokea.

London ya mwaka 1940 ilikuwa na walinzi wa raia waliojua kila familia katika mtaa wao inalala chumba gani. Nyumba ilipoanguka usiku, waokoaji waliambiwa waanze kuchimba wapi, na kwa mtu aliyefukiwa tofauti ya saa mbili ni tofauti ya uhai.

Onyo: daftari hili ni siri. Mtu anayejua familia za wanajeshi zinaishi wapi, au watu watakusanyika wapi na saa ngapi, ana taarifa ambazo adui anazitafuta. Lisipigwe picha na lisiachwe ndani ya gari.

## Hatua ya 2: King'ora kikilia, simama mlangoni mwa mahandaki

Askari wengi huona kazi ya mlangoni kuwa ndogo. Tarehe 3 Machi 1943, katika ngazi za handaki la Bethnal Green mashariki mwa London, watu 173 walikufa kwa kubanana baada ya mtu mmoja kujikwaa, huku wengine wakiendelea kuteremka kwa hofu ya mlio mpya wa mizinga ya kujihami. Hakuna bomu lililoanguka hapo. Ngazi zilikuwa na mwanga hafifu, hazikuwa na mkono wa kushikia katikati, na hapakuwa na askari mlangoni.

Kwa hiyo askari mmoja asimame juu ya ngazi na mwingine chini. Kingo za ngazi zipakwe rangi nyeupe. Wa juu apunguze mwendo wa watu kwa sauti thabiti, na wa chini awasogeze ndani mara wanapofika ili pasiwe na msongamano wa kurudi nyuma. Mtu akianguka, wa chini apige filimbi na wa juu azuie mlango papo hapo.

Katika mji ulio karibu na mpaka, kombora huweza kutua kabla king'ora hakijalia. Kwa wasioweza kufika handakini, wafundishe kanuni ya kuta mbili inayotumika Ukraine: mtu akae kwenye ujia wa ndani usio na dirisha, ambapo ukuta wa kwanza utapokea mshindo na wa pili utazuia vipande. Waambie pia wasikimbilie dirishani wanaposikia mlipuko. Nairobi, ubalozi wa Marekani uliposhambuliwa kwa bomu tarehe 7 Agosti 1998, wengi waliopoteza macho walikuwa wamesogea madirishani kutazama kulikotokea sauti ya kwanza, ndipo bomu kubwa likavunja vioo usoni mwao.

## Hatua ya 3: Fika, simama mbali, tazama, taarifu

Hapa ndipo askari wengi hukosea, na ndipo kosa lina gharama kubwa kuliko mahali pengine pote.

Shambulio la pili mahali pale pale si bahati mbaya, na ni lazima ulitarajie. Katika mji wa Pokrovsk, mashariki mwa Ukraine, tarehe 7 Agosti 2023, kombora la pili lilifika takriban dakika 40 baada ya la kwanza, waokoaji na polisi wakiwa tayari kazini, na miongoni mwa waliokufa alikuwemo naibu mkuu wa huduma za dharura wa mkoa wa Donetsk. Odesa, kusini mwa Ukraine, tarehe 15 Machi 2024, kombora la pili liliwakuta waliokwenda kuokoa, na kamanda wa kikosi maalumu cha polisi aliuawa. Kharkiv, tarehe 4 Aprili 2024, droni ya pili iliua waokoaji watatu.

Fanya hivi kwa mpangilio:

1. Simamisha gari mita 200 au zaidi kutoka mahali palipopigwa, pembeni ya barabara, likielekea nje, lisizibe njia ya magari ya zimamoto na ya wagonjwa.
2. Kabla ya kushuka, tazama kwa nusu dakika. Je, kuna moto, harufu ya gesi, nyaya zilizoanguka, ukuta unaoinama? Watu wanakimbia kuelekea wapi?
3. Tuma taarifa ya kwanza kwa redio ikiwa na mambo matano tu: mahali, kilichopigwa, makadirio ya walioumia, hatari zilizopo, na njia salama ya kufikia.
4. Andika saa. Kila kitu kitakachofuata, hospitalini na mahakamani, kitapimwa kutoka saa hiyo.

Taarifa nzuri husikika hivi: "Jengo la makazi la ghorofa tano, kona ya soko, upande wa mashariki umeanguka. Majeruhi zaidi ya kumi. Moto ghorofa ya pili, nasikia harufu ya gesi. Njia ya kaskazini iko wazi, ya kusini imefungwa na kifusi." Usiseme "hali ni mbaya sana, leteni msaada", kwa maana aliyeko kituoni hawezi kutuma kitu chochote kwa maneno hayo.

Kubaliana na waokoaji, kabla hawajaingia, ishara moja ya kutoka wote kwa pamoja, kwa mfano milio mitatu mirefu ya filimbi, na mahali pa kujificha ishara hiyo ikitolewa. Usiruhusu makamanda wa idara zote wakutane sehemu moja iliyo wazi. Mkutano wao ufanyike nyuma ya jengo imara.

Utajua umefaulu endapo chumba cha mawasiliano kinaweza kukurudishia mambo yale matano bila kukosea, na hakuna gari lililozuia jingine.

## Hatua ya 4: Weka nyuzio mbili, si moja

Uzio wa ndani ni wa wanaookoa, wataalamu wa mabomu na wapelelezi pekee. Uzio wa nje huwaweka mbali umati, waandishi wa habari na magari yasiyohitajika. Kati ya nyuzio hizo mbili ndipo magari ya wagonjwa husubiri.

Mwongozo wa Uingereza kuhusu vitu vinavyoshukiwa kuwa mabomu huweka mita 100 kwa kitu cha ukubwa wa begi, 200 kwa gari dogo na 400 kwa lori. Kombora lililobaki bila kulipuka lihesabiwe katika kundi la mwisho. Ukiwa na shaka, anza na uzio mpana, kwani kuupunguza ni rahisi na kuusogeza nje watu wakishajaa ni kazi ngumu.

Weka lango moja la kuingilia na jingine la kutokea, na askari kwenye lango aandike jina, idara na saa ya kila anayepita. Orodha hiyo ndiyo itakayokuambia, kombora la pili likija, ni nani aliyekuwa ndani.

Kuhusu simu na picha, eleza sababu kwa heshima kabla ya kukataza. Picha inayoonyesha mahali kombora lilipotua humsaidia adui kurekebisha shabaha. Ukraine iliweka utaratibu wa vyombo vya habari kusubiri kwa muda wa saa 3 kabla ya kuonyesha madhara kwenye maeneo ya kiraia na muda wa saa 12 kwa ya kijeshi. Mama anayempigia picha mwanawe ili ndugu wajue yu hai si mhalifu. Mwelekeze asionyeshe jengo.

## Hatua ya 5: Zuia damu, mengine waachie wataalamu

Majeruhi aliye njiani kwako, anayevuja damu nyingi mkononi au mguuni, mfunge mkanda wa kubana sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, usifunge juu ya kiungo cha goti au kiwiko, kaza mpaka damu isimame, kisha andika saa juu ya mkanda au kwenye paji la uso wake. Usiulegeze. Waombe majeruhi wanaoweza kutembea wakufuate hadi mahali ulipopachagua. Wakitawanyika, hutawapata tena kwa ajili ya orodha yako.

## Hatua ya 6: Kitu ambacho hakijalipuka

Usikiguse, usikimwagie maji, usikifunike, usikisogeze "kidogo tu". Weka alama kwenye njia uliyopita, rudi kwa njia hiyo hiyo, na uwaite wataalamu wa mabomu. Redio ya mkononi na simu zisitumike ndani ya mita 15 za kitu hicho, na redio ya gari ndani ya mita 50.

Wakazi wa Dar es Salaam wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Maghala ya silaha yalipolipuka Mbagala, Aprili 2009, na Gongo la Mboto, Februari 2011, mabomu yaliruka hadi kwenye makazi ya watu, na mengine yalitua bila kulipuka. Watoto huyaokota kwa sababu yanang'aa na ni mageni kwao, hivyo tangazo la kipaza sauti liwalenge watoto kwa maneno yao, nalo lirudiwe siku zinazofuata, hasa wazazi wanaporudi kufagia nyua zao.

## Hatua ya 7: Fungua meza ya majina

Ningetaka kila kituo cha polisi kifanye zoezi la hatua hii hata kama hakina muda wa kufanya mengine. Meza moja, viti viwili, askari wawili wenye mwandiko unaosomeka na sauti ya upole, mahali penye kivuli na ukuta imara kwenye uzio wa nje.

Fungua orodha tatu: waliotoka salama, waliopelekwa hospitali, na wasiojulikana walipo. Mtu ahamishwe kutoka orodha moja hadi nyingine kwa kufuta jina lake kwa mstari mmoja unaosomeka na kuandika saa, pasichanwe karatasi wala kurarua.

Kwa kila asiyejulikana alipo, muulize ndugu majina matatu kamili na jina la utani, umri, nguo alizovaa asubuhi ile, kovu au alama, namba ya simu yake, na swali lililo muhimu kuliko yote: mara ya mwisho alikuwa chumba gani na akifanya nini? Aliyekuwa jikoni hutafutwa mahali tofauti na aliyekuwa kitandani. Majibu haya yapelekwe kwa kiongozi wa waokoaji mara yanapoandikwa, yasisubiri orodha ikamilike.

Tuma askari mmoja katika kila hospitali inayopokea majeruhi, akirudisha majina kila nusu saa. Usipofanya hivyo, familia itakesha kwenye kifusi ikimlilia mtu aliyelazwa upande wa pili wa mji.

Orodha hii ndiyo inayoamua utafutaji uendelee hadi lini. Jengo la makazi katika mji wa Dnipro, Ukraine, lilipopigwa tarehe 14 Januari 2023, utafutaji uliendelea kwa siku tatu, na waokoaji walisimamisha mitambo kila baada ya muda ili wasikilize sauti chini ya zege. Ishara ya ukimya ikitolewa, kazi yako ni kuhakikisha umati wote umenyamaza na injini zimezimwa.

Maonyo mawili. Kwanza, meza ya majina si mahali pa kutangaza vifo. Usimwambie mtu kwamba ndugu yake amekufa kwa sababu tu umesikia kwenye redio. Pili, mtoto aliye peke yake asikabidhiwe kwa yeyote, hata anayelia kwa uchungu, mpaka uhusiano wao uthibitishwe na mtu mwingine na kuandikwa.

Umefaulu ikiwa kila jina lina mahali pake, na jumla ya orodha tatu inalingana na daftari la mtaa ulilolitengeneza katika hatua ya kwanza.

## Hatua ya 8: Marehemu wasipoteze majina yao

Mwili usiondolewe kabla haujapewa namba, haujapigwa picha pale ulipo, na mahali pake hapajaandikwa kwa vipimo kutoka sehemu mbili zisizohama, kama kona ya jengo na nguzo ya umeme. Namba hiyo iandikwe kwenye lebo inayofungwa mwilini na tena juu ya mfuko. Kipande cha mwili hupewa namba yake mwenyewe. Usikiweke pamoja na mwili ulio karibu kwa kudhani ni wa mtu huyo huyo.

Simu, pete, funguo na vitambulisho vibaki na mwili vilipokutwa. Kitambulisho kilichookotwa kando ya marehemu si uthibitisho wa jina lake, maana mshindo hurusha vitu mbali.

Utaratibu wa Interpol, shirika la polisi la kimataifa, hutumia fomu ya waridi kwa maelezo ya mwili na ya njano kwa maelezo ya mtu aliyepotea kama yanavyotolewa na familia, kisha wataalamu huzilinganisha. Vitambulisho vitatu vikuu ni alama za vidole, meno na vinasaba (DNA). Kumtambua kwa macho hakutoshi, kwa sababu ndugu aliyeshtuka huweza kukubali uso usio wa mtu wake, na familia mbili zikateseka kwa kosa moja.

Katika kijiji cha Hroza, mkoani Kharkiv, tarehe 5 Oktoba 2023, kombora moja liliua watu 59 waliokusanyika kwenye chakula cha mazishi, katika kijiji chenye wakazi wapatao 300. Ilibidi vipimo vya vinasaba vitumike kuwatambua baadhi yao. Familia nzima zilikuwa zimekufa pamoja, hivyo hata kumpata ndugu wa kutoa sampuli kulikuwa kazi. Kwa sababu hiyo chukua majina ya ndugu wa mbali mapema, ukiwa bado kwenye meza ya majina.

Dini zetu huhimiza mazishi ya haraka. Waeleze wazee na viongozi wa dini utaratibu huu siku ya kwanza, kabla ya ombi la kuuchukua mwili kuja na hasira, na waweke mtu wao mmoja mochwari ashuhudie kwamba marehemu wanatunzwa kwa staha.

## Hatua ya 9: Kusanya mabaki ya kombora kama vielelezo

Wataalamu wa mabomu wakishatamka kwamba eneo ni salama, piga picha za shimo kwa upana, kisha kwa ukaribu, rula ikionekana. Andika kina na upana wa shimo, upande uliomwagiwa udongo mwingi, na mahali kila kipande kilipokutwa. Vipande vyenye namba, herufi au sehemu za injini na mapezi ndivyo vya thamani kuliko vyote, kwani kwa hivyo aina ya kombora hutambuliwa, na aina hiyo hudokeza ni jeshi gani na kutoka umbali gani.

Kharkiv ina uwanja mzima ambako mabaki ya mamia ya makombora yamepangwa kama ushahidi kwa ajili ya mashtaka ya uhalifu wa kivita. Kipande kisicho na tarehe, mahali na saini ya kila aliyekishika hakitasimama mahakamani. Mnyororo wa utunzaji uanzie kwenye mkono wako: aliyekiokota, aliyekipokea, saa, na kilipohifadhiwa. Wakazi watakuletea vipande walivyoviweka nyumbani kuwa kumbukumbu. Vipokee kwa shukrani, lakini andika wazi kwamba havikukutwa na polisi.

## Hatua ya 10: Linda mali, ukianza na askari wako

Milango iliyong'oka ifungwe kwa mbao siku hiyo hiyo. Fedha na vito vikipatikana kwenye kifusi vihesabiwe mbele ya mashahidi wawili, mmoja akiwa mkazi wa jengo, na vitiwe kwenye mfuko uliofungwa na kusainiwa na wote. Katika London ya vita, baadhi ya walioshtakiwa kwa kuiba kwenye nyumba zilizobomolewa walikuwa watu wa huduma za uokoaji wenyewe. Kwa hiyo kila anayetoka kwenye uzio wa ndani akaguliwe, kamanda akiwa wa kwanza kuinua mikono.

## Hatua ya 11: Kabidhi zamu kwa maandishi

Baada ya kazi ya muda wa saa 8 hadi 12 kwenye kifusi, askari huanza kusahau na kukosea namba. Mpumzishe. Makabidhiano yafanyike mkizunguka eneo pamoja, daftari likiwa wazi: watu wangapi bado hawajapatikana na wanadhaniwa kuwa wapi, ni sehemu zipi hazijakaguliwa na wataalamu wa mabomu, vielelezo vingapi vimetoka na kwenda wapi, ni familia gani imeahidiwa jibu na saa ngapi. Wote wawili wasaini.

Nakala ya orodha tatu za majina ibaki mezani hadi mtu wa mwisho apatikane, hata kama uzio umeshaondolewa na magari yanapita. Askari anayekaa hapo siku ya tatu aletewe chakula na maji na zamu yake ipokelewe kwa wakati, kwa sababu wanaomjia siku hiyo ndio waliokosa jibu kila mahali pengine.